Zamu ya Mama Kanana

Kwenye mstari wa pili wa wimbo, simu ya Mama Kanana ilianza kushuka. Alikuwa ameiinua kwa mikono miwili akimrekodi binti yake, na mimi, nikiwa pembeni mwa jukwaa, niliuona mwanga wa kioo ukimteremkia kidevuni, shingoni, kisha kwenye sare ya bluu ya hospitali ambayo hakupata nafasi ya kuibadilisha. Ukumbi wa kanisa pale Alief, mtaa wa Houston, ulikuwa umejaa. Kanana, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ala ya lulanga mapajani, akiimba bila kumtazama mtu:

*Mama ajua wagonjwa, na kila wanachotaka,*
*Ajua asiyelala, bila mkono kushika,*
*Muulizeni wa kwake, ni nani wa kumshika.*

Nyuma kabisa mwanamke mmoja akasema, "Ai!" Uzi ulikuwa bado unavuma.

Nilijivuna. Sitasema vinginevyo ili nionekane mpole. Mizani niliinyoosha mimi, lakini mstari wa tatu ni wa Kanana, na tangu nianze kutunga sijapata kuandika mstari kama ule.

Lulanga ni ala ya kwetu Bushi, Kivu ya Kusini. Ni ubao uliochimbwa katikati, na juu yake unapita uzi mmoja tu, unaokwenda na kurudi mpaka unaonekana kama nyuzi nyingi. Ukilegea mahali pamoja, unalegea kote. Baba mdogo Gracien ndiye aliyenifundisha tukiwa kambini Uganda. Nilipofika Houston nilichonga zangu kwa mbao za msonobari, nikazifunga nailoni ya kuvulia samaki. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole juu ya usukani.

Siku ya kwanza nilipoiingiza lulanga katika shule ya muziki ya Mama Prudensia, kati ya saluni na duka la unga na samaki wakavu, yule mama wa Kitanzania aliizunguka mara mbili.

"Jamani, Heritier mdogo wangu, hii ni ala au karai la kukandia maandazi?"

"Ile ni lulanga, Mama Prudensia. Acha nikupigie, kisha utacheka."

Nilipiga. Hakucheka. Alifuta miwani, akasema atanipa chumba cha nyuma kila Jumamosi. "Tamasha la Mei wazazi wakilipenda hilo karai lako, Septemba linaingia kwenye ratiba, pamoja na piano na fidla. Wasipolipenda, tusilaumiane."

Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyolitaka hilo. Mchana nilipanga maboksi ghalani, na kila boksi nililoinua niliona mlango wa chumba umeandikwa LULANGA.

Kanana aliletwa na mama yake, Kathure, nesi, Mkenya. Walitoka Missouri City, kitongoji cha nje ya Houston, na mama aliendesha gari akipiga miayo.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu wangu akiongea na nyanya yake kwa simu ni kama anaongea na watu wa benki. Nifundishie Kiswahili hapo kwa nyimbo, polepole. Hata akijua tu kusalimia, mimi nitashukuru."

"Mom, I can greet people," Kanana alisema.

"Haya, salimia mwalimu."

"Sasa," Kanana akaniambia, kama anayemsalimia rika lake. Mama yake akatazama dari.

Nilimpa sheria aliyonipa Baba mdogo: kwenye lulanga haliimbwi neno la kuazima. Unatunga lako, na ukiwa na jambo na mtu, unamwimbia akiwa amekaa mbele yako. Yeye hainuki. Anangoja umalize, kisha anaichukua lulanga na kujibu. Mpaka ajibu, wimbo haujaisha. Kwetu, wakubwa waliimbiwa hivyo na wakajibu, na nyumba ziliendelea kusimama.

Kanana alilipenda hilo kuliko uzi wenyewe. Wiki baada ya wiki alikuja na maneno. "Mwalimu, 'bila' na 'ila' ni different?" "'Kumshika' inaweza kuwa ya mwisho?" Alizibishia silabi kama mtu anayedai chenji yake. Kufika Machi alikuwa haniambii neno la Kiingereza isipokuwa amekasirika.

Aliponiimbia yale mashairi chumbani, nilimuuliza kitu kimoja tu: "Mama atakuwepo?"

"Ameswitch shift aje."

"Basi imba."

Sasa, mbele ya ukumbi wote wa tamasha, alikuwa ameimba. Mama Kanana aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akashika kitasa. Akasimama pale. Kisha akarudi, kwa sababu huku hata ukikasirika vipi, mtoto uliyekuja naye lazima urudi naye, maili zote zile, mmekaa bega kwa bega. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Mwalimu, mimi nilikuletea mtoto ajue Kiswahili cha kuongea na nyanya yake. Wewe umemfundisha cha kunianika."

Nilichukua lulanga mikononi mwa Kanana, nikamnyooshea mama yake mbele ya watu wote.

"Mama Kanana, kwetu mwenye kuimbiwa anajibu. Kamata. Ni zamu yako."

"Nijibu?" Aliitazama lulanga kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. "Nimesimama tangu jana jioni. Nijibu na nini?"

Hata hivyo sikuushusha mkono. Nilikuwa na hakika, na bado nina hakika, kwamba angetamka mstari mmoja tu, hata mbovu, hata wa kunitukana mimi, mambo yote yangekuwa mengine. Kanana pia alikuwa anangoja. Alikuwa amemkazia mama yake macho, na hayakuwa macho ya vita.

"Twende nyumbani," Kathure alisema.

Jumanne Mama Prudensia aliniita.

"Simu haijanyamaza. Kila mzazi anauliza yeye ataimbwa lini." Alijaribu kucheka. "Sikiliza, mdogo wangu. Ondoa maneno. Wafundishe kupiga tu, na Septemba chumba ni chako. Nakuapia."

"Hiyo si lulanga."

"Ni nini basi?"

"Ni lile karai ulilosema."

"Heritier, acha kiburi. Watu wamechoka. Wanataka Jumapili ya kupiga picha tu."

Nilikataa. Alinipa siku mbili nifikirie, nikakataa tena. Nasikia kile chumba sasa wanafundishia gitaa. Mimi niko Grand Prairie, mbali na Houston, kwenye ghala kubwa kuliko lile la kwanza.

Kabla sijahama, Kathure alinipigia nifuate ile lulanga niliyomwazima Kanana ya kufanyia mazoezi nyumbani. Alinifungulia mlango akiwa na sare ileile ya bluu. Lulanga ilikuwa imefungwa ndani ya taulo safi, vizuri, kama vinavyofungwa vitu vya mtu aliyetoka wodini.

"Anaongea na nyanya yake?" niliuliza.

"Anasalimia."

Aligeukia ngazi. "Kanana! Shuka uage mwalimu, anaenda mbali."

Tulingoja. Juu, ubao wa sakafu ulilia mara moja.

"I'm good, Mom."

Hakuna aliyeshuka. Kathure aliendelea kuitazama ngazi. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Anasema ako sawa," aliniambia, kana kwamba sijui Kiingereza.