Swali la Kipaimara

Mimi ni mtu wa utani, uongo sisemi. Na tovuti niliyoutengenezea usharika wetu haiingiliki. Mwizi wa mitandao aje na kompyuta zake kutoka Nairobi, ahangaike mpaka macho yawe mekundu, mwisho wa siku ataondoka na mafua ya Mlima Meru tu.

Ndivyo nilivyowaambia waumini Jumapili ya uzinduzi, mwaka huu wa 2010, nimevaa koti la rafiki yangu Sadoki linalonibana makwapani. Walicheka, wakapiga makofi. Mama yangu alisimama ili waliokaa nyuma wamwone mama wa fundi.

Wazo lilikuwa la Mchungaji Solomoni. Usharika wetu ni mdogo, uko juu kidogo ya Nkoaranga, na nusu ya watoto wake wameshuka mjini. Wapo Engutoto, wapo Njiro kwenye nyumba za ukuta na geti, na yupo mmoja Norwe anayetutumia picha za theluji kana kwamba sisi kwetu hakuna baridi. Mchungaji alitaka kila mmoja awe na akaunti yake: aingie kwa jina na paswedi, aweke picha, aandike kazi na simu, akihama abadilishe mwenyewe. Chini ya ukurasa akataka kisanduku cha maombi. Utakachoandika humo unakiona wewe na Mchungaji basi.

"Wengine wanaogopa kuja ofisini," aliniambia. "Ukikaa kwenye lile benchi la nje, kijiji kizima kinajiuliza una shida gani."

Kazi nikapewa mimi, Ephraimu, kidato cha nne, daraja ambalo mama huliita "la kutosha". Chuo sikwenda. Nilijifunzia kwenye intaneti kafe ya rafiki yangu Sadoki kule Engutoto, nikifagia na kuwasha jenereta umeme ukikatika, naye akiniachia kompyuta ya pembeni ambayo herufi R yake inabonyezwa kwa kidole gumba.

Aliyenisaidia kuingiza majina alikuwa Elinipa, mwalimu wa shule ya Jumapili, binti wa Mzee Philemoni ambaye ni kiongozi wa wazee wa kanisa. Tulianza vizuri. Kisha watu wakaanza kusahau paswedi. Hawakusahau mmoja mmoja, walisahau kwa mafungu kama kwaya. Tovuti za wenzetu humtumia aliyesahau barua pepe, lakini akina mama wetu barua pepe wangeitoa wapi? Ikabidi niweke swali. Anayejibu sawasawa anachagua paswedi mpya.

Swali gani ambalo Mlutheri wa kwetu hawezi kulisahau? Siku ya kipaimara, Mchungaji anakuwekea mkono kichwani na kukupa mstari wako wa Biblia, wako peke yako. Unaandikwa vizuri, unatiwa fremu, unatundikwa sebuleni karibu na kalenda. Siku yako ya kuzaliwa unaweza kuibabaisha, neno la kipaimara hapana. Nikaandika: "Neno lako la kipaimara ni lipi?" Nikajiegemeza kwenye kiti nikijiona profesa.

Elinipa akasoma, akainua kichwa. "Ephraimu, hilo neno si husomwa kanisa zima likisikia?"

"Sasa nani anakumbuka la mwenzake?"

"Mama zetu. Na liko ukutani, kila mgeni anakunywa chai akilitazama."

"Mama zetu hao hao wanaoogopa kugusa mausi isije ikawauma?"

Akacheka. Mimi nikacheka zaidi, nikabonyeza kuhifadhi.

Kwa muda mambo yalikwenda. Sharika mbili za jirani zikaniulizia kama naweza kuwatengenezea na wao. Mama akaanza kuniita injinia mbele za watu. Jumamosi moja, niko kafe nakula chipsi, Shangazi Hanna akapiga simu kutoka Njiro. Huyu ni dada yake Mzee Philemoni, anafanya kazi ofisini, ana modemu yake na kompyuta ya mapajani. Shangazi wa Elinipa ni shangazi wa vijana wote wa usharika, hata wasiotaka.

"Ephraimu, mlango wenu umenikataa," akasema.

"Shikamoo Shangazi. Bonyeza pale palipoandikwa Nimesahau, ujibu swali."

Akabonyeza, akajibu, akaingia. Simu ya kawaida kabisa. Sikumuuliza zaidi, fundi hana kazi ya kuhoji wateja. Nikarudi kwenye chipsi zangu.

Wakati huo ndoa ya Elinipa na Reginald ilikuwa imeshaanza kutangazwa kanisani. Reginald ni wa familia ya Kilimanjaro, Walutheri wenzetu, wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mzee Philemoni alikuwa ameshachagua na mbuzi wa ndafu. Kabla ya tangazo la pili, habari ikapanda mlima: Elinipa amemwandikia Mchungaji amwombee apate ujasiri wa kumwambia baba yake kuwa ndoa hii haitaki. Haikuwa fununu ya juujuu. Watu walikuwa wanayataja maneno yenyewe: "Namheshimu Reginald, lakini nikimfikiria nyumbani mwake nakosa pumzi." Mzee Philemoni aliyasikia kwenye mizani ya kahawa, kutoka kwa mtu aliyedhani Mzee ameshajua.

Elinipa akaacha kufundisha shule ya Jumapili. Ukimkuta njiani anaangalia migomba.

Sasa nani katoboa? Kisanduku kinaonwa na watu wawili. Elinipa hajamwambia mtu. Akabaki Mchungaji. Watu hawakumtukana, kwetu hatutukani wachungaji. Walinyamaza tu. Kwenye ibada ya akina mama akauliza nani ana ombi, wakatazama viatu vyao. Mzee mmoja mgonjwa alikataa kutembelewa naye, akasema anasubiri wa usharika mwingine. Mzee Philemoni akaitisha kikao cha wazee Jumapili inayofuata, waandike kwa wakubwa Mchungaji ahamishwe.

Mchungaji mwenyewe akashuka mpaka Engutoto kunitafuta. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja, magoti yakiwa juu, na sweta lake likiwa na matone ya mvua.

"Ephraimu, wewe ndiye fundi. Sitaki kumsingizia mtu. Kuna njia mtu mwingine angeweza kuingia kwa yule binti?"

Simu ya Shangazi Hanna ilinirudia kichwani kabla hajamaliza sentensi. Huenda, nilijiambia, huenda aliingia kwa Elinipa mimi nisijue. Nikaziona zile sharika mbili zikigeuza njia. Nikamwona mama akirudi kuniita Ephraimu tu.

"Haiingiliki, Mchungaji," nikasema.

"Una hakika?"

"Labda malaika."

Akajaribu kutabasamu. "Basi nimebaki mimi," akasema, akanishukuru. Kunishukuru! Akatoka nje kwenye manyunyu bila kufungua mwavuli aliokuwa ameushika.

Sadoki alikuwa kaunta anahesabu vocha. "We injinia," akasema, "mbona mtumishi wa Mungu anakuuliza swali, wewe unaijibu kibodi?"

"Uza vocha zako."

"Nauza. Lakini masikio yako yamekuwa mekundu, na wewe ni mweusi kunizidi."

Nilifungua mfumo, nikalifuta lile swali. Badala yake nikaweka maneno mazuri tu: "Ukisahau paswedi, muone fundi." Ilichukua muda wa kunywa chai. Nilipomaliza sikuwa na raha, ila nilikuwa na usalama, na mtu mwoga huvichanganya hivyo viwili.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika ukumbini. Nje kulikuwa na ukungu, ndani kulinukia makoti ya sufu yaliyolowa. Wazee walikaa mbele. Mchungaji akakaa pembeni kwenye benchi la watoto, kwa hiari yake. Elinipa alikuwa karibu na mlango, amejifunga kanga mabegani. Baba yake hakumtazama.

Mzee Philemoni akaniita mbele. "Kijana, wewe umejenga hiki kitu. Tuambie kwa lugha ya kwetu sisi tusiosoma mambo ya kompyuta. Mtu mwingine angeweza kuona alichoandika binti yangu?"

"Mzee, hata mimi mwenyewe nikisahau funguo zangu nalala nje," nikasema.

Wakacheka. Mchungaji naye alicheka, yule mtu aliyekuwa anakaribia kufukuzwa, alicheka kwa sababu alikuwa amezoea kunichekea tangu nikiwa mtoto.

"Kwa hiyo jibu ni hapana?"

"Kwenye mfumo wangu, hapana."

Elinipa akasimama. Hakupandisha sauti. "Na lile swali, Ephraimu?"

"Swali gani?"

"La kipaimara. La mtu aliyesahau paswedi. Nilikuambia."

"Swali kama hilo halipo," nikasema. Na kweli, halikuwepo. Kompyuta ya usharika ilikuwa pale mezani, nikawafungulia wazee waone wenyewe. Wakainama na miwani yao, mmoja baada ya mwingine, wakasoma: "Ukisahau paswedi, muone fundi." Mzee mmoja akasema, "Mbona ni maneno ya adabu tu haya."

Mzee Philemoni akamgeukia binti yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umetuaibisha na bado unatafuta wa kumtupia. Keti."

Elinipa hakuketi. Alikuwa ananitazama mimi. Nimeshatazamwa na mwalimu wa nidhamu, nimeshatazamwa na polisi wa barabarani nikiwa nimepakia watu kwenye pikipiki isiyo yangu, hakuna aliyenitazama hivyo. Nikashika waya wa kompyuta nikajifanya naunyoosha.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Shangazi Hanna. Gari lilikuwa limemshinda kwenye utelezi, akapanda kwa miguu, viatu vya ofisini amevishika mkononi na matope mpaka kwenye mashavu ya miguu.

"Shikamoo kaka. Shikamooni wazee. Mchungaji, shikamoo." Hakungoja kuitikiwa. "Nimesikia mnachokikalia hapa. Mchungaji hana kosa. Niliyesoma ni mimi."



"Wewe?" Mzee Philemoni akasema.

"Mimi, kaka. Mtoto alikuwa hapokei simu zangu. Nikaona kuna kitu. Nikaingia kwenye ukurasa wake nione anaandika nini. Nilipoona yale nikaogopa, nikamwambia mwenzangu mmoja kazini, nikamwomba anishauri. Sikujua anaimba kwaya moja na mama yake Reginald." Akamgeukia Elinipa. "Mwanangu, nimekukosea. Nimekuja kulisema mbele za watu kwa sababu mbele za watu ndipo lilipokuumizia."

Elinipa akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Lakini fundi anasema haiwezekani mtu kuingia," akasema yule mzee wa maneno ya adabu. "Wewe uliingiaje?"

"Si alinielekeza yeye mwenyewe?" Shangazi akaninyooshea viatu vyake.

Nikatabasamu. Sijui kwa nini, mdomo wangu hufanya hivyo wenyewe. "Shangazi, wewe ulinipigia umesahau paswedi yako, mimi nikakusaidia kama mteja mwingine. Sasa kama ulifungua ya mtu mwingine, mimi ningejuaje?"

"Paswedi yangu?" Alinishangaa kweli, bila hasira. "Ephraimu, mimi sina akaunti huko. Sijawahi kujiandikisha. Nilikuambia nataka kuingia kwa Elinipa, ukaniuliza, Shangazi, unalikumbuka neno lake la kipaimara? Nikakuambia mimi ndiye niliyemshonea lile gauni, nilikaa benchi la mbele, nitasahauje? Ukacheka sana. Ukaniambia, basi Shangazi, kuanzia leo wewe ndiye Elinipa."

Hakuna aliyecheka. Mama yangu, ambaye alikuwa amekaa safu ya mbele na kitenge chake cha sikukuu, alianza kukusanya vitu vyake taratibu, Biblia, kitabu cha nyimbo, miwani, kama mtu ambaye ibada imemwishia.

"Ulisema hivyo?" Mzee Philemoni akaniuliza.

Nikageuza macho kwa Mchungaji, nadhani nilitaka aniokoe. Lakini yeye alikuwa ameinamisha kichwa kwenye lile benchi la watoto, mikono kati ya magoti, kana kwamba aliyekamatwa ni yeye.