Mzuka wa Kufunika Blanketi

Itamkwe wazi mapema kwamba Tarumbeta, kama wenzake walivyombandika jina, hakuanzisha blogu kwa nia njema. Mwalimu wa kompyuta aliagiza kila mwanafunzi wa kidato cha tatu afungue ya kwake na aandike kwa urefu, "si vijimistari vya kuchekana." Wenzake wakaandika juu ya usafi na umuhimu wa maji. Yeye akaamua kuwatia hofu wageni wa kidato cha kwanza mpaka waogope kushuka vitandani. Lilikuwa lengo la heshima, na alilitumikia kwa moyo mweupe.

Akabuni mzuka wa bwenini. Alimpa macho mekundu na kucha ndefu, lakini kufikia aya ya pili macho na kucha vilikuwa vimemwishia, na mwalimu alitaka kurasa kadhaa. Ikabidi mzuka atafutiwe kazi.

Basi akamtembeza kitanda kwa kitanda. Mzuka akaburuza kandambili, ya kushoto ikichelewa nyuma ya mwenzake. Kabla ya kufungua mlango alikohoa kidogo, kama anayebisha hodi kwa kifua. Akimkuta mtoto amelala wazi alimfunika blanketi, akalikunja chini ya kidevu, akalipigapiga kwa kiganja kana kwamba analiambia litulie hapo.

Tarumbeta hakujua mambo hayo yalikuwa yanatoka wapi. Vidole vilitangulia, naye akafuata nyuma. Alipoinua kichwa, darasa zima lilikuwa limeshatoka na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama. Akajipongeza. Kama mtungaji mwenyewe anaogopa, wale wadogo si watahama shule?

Hawakuhama. Walianza kukohoa. Zahanati ya shule ikajaa mafua, nesi akaishiwa dawa, na mchana mmoja Tarumbeta akaitwa ofisini kwa matroni, mwanamke ambaye hata makufuli yalimwogopa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, na usinizungushe. Umewaambia nini watoto wangu?"

"Mimi tena, mama?"

"Wewe, nani mwingine? Wanalala wazi. Nikiwafunika, wanayapiga mateke mablanketi. Nimemuuliza mmoja, ananijibu, 'Nikijifunika mwenyewe, hatakuja.' Nani huyo hatakuja?"

Tarumbeta akasogea karibu na meza.

"Kwani hawamwogopi?"

"Wamwogope? Wanamsubiri! Wananinunia mimi kwa sababu si yeye!" Matroni akagonga meza. "Kabla ya chakula cha jioni umuue huyo mzuka wako humo humo kwenye blogu, nisome kwa macho yangu kwamba hayupo. Ama sivyo naifuta yote."

Tarumbeta alikuwa anatafuta namna ya kuuliza, kwa adabu, mzuka huuawa vipi, simu ya ofisi ilipolia. Matroni akasikiliza, akakunja uso, akampa.

"Baba yako."

Hapo mzaha ukamtoka. Baba yake, fundi wa mafriji, hakuwa mtu wa kupiga simu. Hakuwa hata mtu wa maneno. Mkewe alifariki Tarumbeta akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, na tangu hapo alizifunga habari za marehemu kama anavyofunga bomba la gesi linalovuja: haraka, kwa nguvu, bila maelezo. Nyumbani kwao picha zilikuwa kabatini chini ya ufunguo, na hata shangazi alikuwa amekatazwa kumtaja. Siku ya kutembelewa, Tarumbeta alikuwa amempa anwani ya blogu kwa majivuno tu. Hakutegemea kwamba angeifungua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Nimekisoma kile kitu chako. Chote." Nyuma yake friji fulani ilikuwa ikinguruma. "Nani alikusimulia?"

"Kunisimulia nini?"

"Kandambili. Mama yako aliwahi kuvunjika mguu wa kushoto. Na kule kukohoa mlangoni, ili usishtuke."

"Baba, nimetunga."

"Na kulipigapiga blanketi chini ya kidevu?"

"Nimetunga pia."

"Mimi sikukwambia. Hakuna aliyekwambia." Baba akaizima friji. "Kuna mengine?"

"Sijui, baba. Huwa sijui mpaka nimeandika sana."

"Basi andika sana. Mimi nimeanza kumsahau."

Simu ikakatika. Matroni alikuwa akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Mama," Tarumbeta akasema, "adhabu nyingine hakuna? Niache nioshe vyoo muhula mzima. Nitaosha hata vya walimu, na tunajua vilivyo."

"Vyoo utaosha. Na watoto wangu?"

"Watajifunika. Niachie hilo."

Chumba cha kompyuta kilikuwa kitupu, jua likipiga juu ya vioo vya kompyuta vyenye vumbi. Akaketi, akaandika kwa werevu wake wote. Mzuka, akasema, ameanza kuchoka, haendi tena kwa aliyelala wazi. Humwendea yule aliyekwisha kujifunika vizuri, akapapasa pindo la blanketi, akaridhika. Kwa hiyo kila anayemtaka ajifunike mpaka kidevuni. Hila hiyo ikamalizika kwa aya moja. Matroni angeridhika. Angeweza kuishia hapo, akaenda kula.

Akaendelea. Aya moja ikazaa nyingine, hila zikamwishia kama zilivyokuwa zimemwishia kucha, na vidole vikaanza tena kutangulia. Mzuka akapita vitanda vya mlangoni. Akapita vya katikati. Akafika kitanda cha mwisho, cha Tarumbeta mwenyewe, akasimama. Hakupapasa chochote. Akainama, akamwita kwa jina.

Halikuwa Tarumbeta, wala lile la kwenye daftari la mahudhurio. Lilikuwa jina fupi la kitoto ambalo hakumbuki mtu yeyote kumwita, nalo lilikuwa limekaa pale kwenye kioo, herufi kwa herufi, limetoka kwenye mikono yake mwenyewe.

Alilitazama. Shingo ilikuwa ya baridi, na kama nyuma yake kulikuwa na mtu hakujua, maana hakugeuka kuangalia. Wala hakukimbilia simu kumuuliza baba kama ni kweli.

"Abee," akaitika, kwa sauti, ndani ya chumba kitupu.

Kisha akaweka vidole juu ya kibodi, akasubiri aambiwe alichoitiwa.