Kikuba Ndani ya Wiski Nyeupe

Mabruki alikuwa mchanganyaji wa vinywaji katika klabu ya Wazungu pale Chake Chake, na tangu azaliwe hajapata kutia tone la ulevi kinywani. Msicheke. Wazungu wenyewe walicheka mwanzoni, kisha wakanyamaza, maana gilasi iliyotoka mkononi mwake ilikuwa haina mfano. Yeye alichanganya kwa pua. Hufungua chupa, akaipitisha chini ya pua, akafumba macho, na harufu ikamwambia yote: hiki kinataka ndimu, hiki kinataka sukari, hiki kiacheni kama kilivyo. Akishafumba macho hivyo huwa hayupo tena pale kaunta, na mtu anaweza kumwita mpaka akachoka.

Mwaka ule wa hamsini na tisa wiski ya kawaida iliadimika. Meli iliyotarajiwa kuileta haikuonekana, na Wazungu wa Chake wakaanza kununa kama watoto walioachishwa ziwa. Ndipo Bwana Petigru, mkubwa wa klabu, akaletewa na nduguye kutoka kwao Skotilandi masanduku ya wiski nyeupe. Nyeupe hasa, kama maji ya mvua. Ilikuwa imetoka mtamboni moja kwa moja bila kulazwa kwenye mapipa ya mti, na wiski isiyolazwa haipati rangi wala adabu. Bwana Petigru alipiga funda moja, akakohoa mpaka miwani ikamwanguka.

"Mabruki," alisema alipopata sauti, "Jumamosi ijayo tuna karamu ya kumuaga daktari. Nataka kitu kitamu kutokana na ibilisi huyu. Fanya ujuavyo."

Mabruki akaipeleka chupa puani. Akangoja. Palikuwa na ukali mtupu, hakuna kingine, kama nyumba mpya ambayo haijahamiwa. Akajaribu ndimu, ukali ukaimeza ndimu. Akajaribu mchaichai, iliki, maua mabichi ya karafuu. Siku zikapita, naye kutwa yumo ndani ya ule ukali, anaunusa, anaufikiri, analala nao. Hatimaye, bila ya kuwaza sana, akatia mkono mfukoni mwa koti lake akatoa kikuba.

Kikuba hicho kilikuwa na habari yake. Kila Alkhamisi Mabruki alipanda baskeli kutoka kwao Gombani akenda Pujini, ambako bibi mmoja, Bi Mwatima, na mjukuu wake, Mwanawema, walikuwa wakisuka vikuba vya kuuza: asumini, waridi, langilangi na mrehani, vimefungwa kwa uzi ili mwanamke avae nyweleni au kifuani. Mabruki alisema anamnunulia mama yake. Mama yake alikwisha kufa zamani, na Pujini nzima ikijua. Juma lile Mwanawema hakumuuzia kitu. Alikitia kikuba mwenyewe katika kikapu cha baskeli, akageuka akaingia ndani.

Na sasa kikuba kile kilikuwa ndani ya bakuli la kioo, kinaelea katika wiski nyeupe.

Kulipopambazuka maua yalikuwa yamepauka, na wiski imevuta kila kitu yalichokuwa nacho. Mabruki aliinama akanusa, na ule ukali hakuuona tena. Aliona baraza ya Pujini, na vidole vinavyofunga uzi. Aliona chumba chenye dirisha wazi, kanga imetundikwa, mtu ametoka kuoga na nywele zake bado hazijakauka, na mtu yule alikuwa mkewe. Alikaa humo muda mrefu sana, akiwa na furaha ambayo hajapata kuijua. Mtumishi wa jikoni alidhani amelala.

Haikuwa ndoto ya bure. Alikwisha peleka posa. Mzee Hija, baba yake Mwanawema, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia wazi: "Miye sina neno na ukoo wako wala pato lako. Nna neno na ile kazi. Mtu ashindae na ulevi, hata asipounywa, sijui kama moyo wake u mzima. Njoo kwenye maulidi yangu Alkhamisi. Jibu utalipata baada ya magharibi."

Mabruki akaahidi kuleta marashi ya kunyunyizia watu. Alinunua chupa nzuri ya maji ya waridi, ya shingo ndefu, akaiweka klabu kwenye rafu. Na kwa kuwa bakuli lilijaa pomoni na chupa za klabu zote zilikuwa na vinywaji, sehemu ya mchanganyiko wake aliitia katika chupa tupu ya marashi iliyokuwepo, akaiweka ubavuni mwa ile nyingine. Alkhamisi mchana alizifungua zote mbili akazinusa, apate kuchukua iliyo ndiyo. Hii ilinuka waridi. Hii nayo ilinuka waridi. Akachukua iliyonuka vizuri zaidi.

Mtu mwingine angeonja kwa ncha ya ulimi, yakaisha. Lakini Mabruki hakuwa mtu wa kuonja, na pua iliyoshinda siku zote zile ndani ya ukali ilikuwa imeuzoea hata haiusikii.

Maulidi ya Mzee Hija yalisomwa baada ya alasiri, uani, chini ya turubali. Jua lilipenya katika matundu ya turubali likawaangukia watu mabegani. Moshi wa udi ulipita baina ya safu polepole, na sauti za wasomaji zikapanda pamoja nao, zikashuka, zikapanda tena. Upande wa pili wa pazia wanawake waliitikia. Mabruki alikaa karibu na Shehe Ahmada, aliyekuwa akiongoza kisomo, akajiona anaelea. Kila kitu kilikuwa chema. Jibu lilikuwa njiani, na moyo wake ukamwambia ni jibu zuri.

Watu wakasimama kwa kiyamu, kumsalia Mtume. Mrashi uliojazwa kutoka chupa ya Mabruki ukapita mkono kwa mkono, upande wa wanaume na upande wa wanawake, na kila mtu akakinga viganja, akajipaka usoni, akajipangusa kanzuni. Harufu ikaenea ua mzima. Watu walifumba macho. Vizee vilivyokuwa vikilalamika joto tangu mchana vikapumua kama waliofika kivulini.

"Marashi yano yapoza mwili," alinong'ona mtu nyuma. "Mzee Hija kayatoa wapi?"

Zamu ya Mabruki ikafika. Akakinga viganja. Yakamwangukia, yakampa baridi kali, na kabla hajavifikisha viganja usoni vilikuwa vimeshakauka.

Maji ya waridi hayakauki hivyo. Yanakawia, yanaacha unyevu. Baridi ile aliijua. Ndiyo aliyoisikia kila siku vidoleni akifuta kaunta iliyomwagikiwa. Mabruki alitazama viganja vyake, akatazama safu za kanzu nyeupe mbele yake, na akaona haya kuliko alivyopata kuona haya maishani mwake. Watu wote wale, wazee kwa vijana, wamepakwa ulevi katikati ya kumsalia Mtume, na jua linazama, na baada ya kitambo kidogo watasimama kusali magharibi na najisi mwilini.

Nani angejua? Hapakuwa na hata mmoja pale ajuaye harufu ya wiski. Wamekwisha kukaa, halwa inapitishwa, wanasifu. Angefunga mdomo mpaka magharibi ipite, Mzee Hija angempa jibu lake, na Mwanawema angekuwa wake. Aliliona jambo hilo lote, zuri, limekamilika. Kisha akamwinamia Shehe Ahmada.

"Shehe, watu wasisali kwanza. Yale si marashi. Ni kinywaji cha klabuni. Nimechukua chupa siyo."

Shehe Ahmada aliacha kutafuna. Mzee Hija, aliyekaa upande wa pili, alisikia kila neno. Kahawa ikatulia mkononi mwake.

"Umekusudia?" aliuliza Shehe.

"Wallahi sikukusudia."

"Basi maji yapo," akasema Shehe Ahmada, akainuka. Akawaambia watu kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza mahali pa viatu, kwamba marashi yameingiwa na najisi kwa bahati mbaya, kila mtu akatie maji nguo na mwili, na sala itangoja kidogo.

Wakateremka kwenye kijito kilichokuwa nyuma ya nyumba. Wako walionung'unika, na wako walioshindwa kujizuia kucheka walipoambizana ni najisi gani. Mabruki aliingia majini na nguo zake, akawasaidia wazee kukamua kanzu. Nuru ilikuwa ya manjano. Kanzu zilijaa maji zikaelea pembeni mwa watu, na harufu ya asumini ikatoka ndani yake ikaondoka na maji, taratibu, kuelekea bondeni. Hata katika aibu ile Mabruki aliiangalia inavyokwenda. Kisha wakapanda, wakasali na nguo zinachuruzika.

Walipotoa salamu Mzee Hija alimvuta kando. "Nlitaka kujua kama kazi ile imekuharibu moyo," alisema. "Sasa nshajua. Kwa upande wangu nimekubali. Nenda ukalisikie la mwenyewe."

 Bi Mwatima akamwongoza Mabruki mpaka mlango wa nyuma, penye pazia, akaketi juu ya kibao baina yao kama desturi inavyotaka. Mwanawema alikuwa upande wa pili. Mabruki alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye nguo zake mwenyewe.

"Hujambo, Mabruki."

"Sijambo, Mwanawema. Nisamehe kwa yaliyotokea."

"Ya nguo yamekwisha, nshazifua. Nataka kukuuliza. Mle chupani ulitia nini?"

"Waridi," akasema Mabruki. "Asumini. Langilangi, na mrehani."

"Uliyatoa wapi?"

Hapo ndipo alipoelewa anapopelekwa. Angeweza kusema sokoni. Lakini alikwisha sema kweli mara moja siku ile, na ulimi wake haukuwa na njia nyingine.

"Ni kile kikuba."

"Nlichokutilia mie kikapuni."

"Ndicho."

Bi Mwatima alishusha pumzi akatazama chini. 

"Vya kuuza nakuuzia kila Alkhamisi," alisema Mwanawema. Hakupandisha sauti. "Hivyo ungewapikia Wazungu wako mpaka mwisho wa dunia, nisingekuwa na neno. Kile sikukuuzia. Nlikupa weye, uwe nacho. Na Jumamosi wanaume nisiowajua watakaa kitako wakinywe."

Mabruki alitaka kumwambia kwamba alipokuwa akikichanganya hakuwa na mwingine moyoni ila yeye. Akaona maneno hayo yanazidi kuharibu, akayameza.

"Baba kakubali," akasema Mwanawema, "na baba namheshimu. Lakini mie n'kiulizwa ntasema la."

Mabruki akasikia nyayo za Mwanawema zikienda ndani. Bi Mwatima akamshika Mabruki mkono, akampa kanga kavu ajifunike asipate homa njiani.

Siku mbili hakula cha maana. Jumamosi alikwenda kazini, kwa sababu miguu ilikuwa imezoea njia. Klabu ilikuwa imepambwa, wanawake wa Kizungu wamevaa magauni mepesi, santuri inapiga kitu cha taratibu. Bakuli lilikuwa pale pale alipoliacha. Akajaza gilasi ya mwanzo, akaipeleka kwa Bwana Petigru kwenye sinia, kama kawaida.

Bwana Petigru hakuinywa mara moja. Aliipitisha chini ya pua. Akafumba macho, uso wake mwekundu ukalainika wote, na kitu kama tabasamu la siri kikamjia midomoni. Akakaa hivyo. Alikuwa amekwenda mahali, na Mabruki alipajua. Palikuwa na dirisha wazi mahali hapo, na kanga iliyotundikwa, na mtu aliyetoka kuoga.

Mabruki akanyoosha mkono, akaitoa gilasi vidoleni mwake.

Bwana Petigru akafumbua macho, ameduwaa. "Vipi, Mabruki? Kuna nzi?"

"Hii si yako, bwana," akasema.

Akaimwaga dirishani. Akarudi kaunta, akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, akalimwaga nalo mpaka la mwisho, mbele ya wote, santuri ikiendelea kupiga. Kisha akachukua kofia yake akatoka, na hapakuwa na aliyemzuia.