Hewa Iliyokwisha Kupimwa

Adoch alilisikia gari la kaka yake kabla hajaliona, na damu ikamchemka. Ndani ya gereji ya Sifuna, kando ya barabara ya Port Bell, lilikuwa likilipuka kama bunduki, pa! pa!, kisha likatema hewa, pshaaa!, mpaka wauza chapati wa ng'ambo wakapiga vigelegele.

Alikuwa amelileta asubuhi libadilishwe oili tu. Jumamosi angempeleka mama yao kaskazini, kulijengea kaburi la huyo kaka, Odur.

"Umefanya nini?"

Sifuna aliinua kichwa kutoka kwenye boneti, mikono imejaa grisi, meno yote nje. Alikuwa rafiki wa Odur tangu siku alipofika Kampala kutoka Bungoma. "Zawadi, dada yangu. Egzosi mpya, bomba pana kama paja. Na valvu inayotema hewa nje. Jumamosi tutakuwa magari saba nyuma yenu. Shujaa hasindikizwi kimyakimya."

"Shujaa wa nini?"

"Wa lami, bwana! Kampala nzima inajua Odur alikuwa moto."

Kampala nzima ilijua uongo. Odur alikufa kwa figo, miezi mitano kitandani, uso umevimba hata mama akawa anamtambua kwa kutazama mikono yake. Lakini tangu matanga, pale kambi ya polisi Naguru walikolelewa, watu walitikisa vichwa: vijana wa Subaru hao, mbio zimemla. Hata katekista alihubiri juu ya mwendo wa kasi, jeneza likiwa mbele yake. Mama alisikia, akakunja kanga yake.

"Sifuna, nani alikuwa akimpeleka kusafishwa damu?"

"Si mimi?"

"Kwa gari gani?"

"Hili hili."

"Kwa mbio?"

Sifuna alitazama spana mkononi. "Alikuwa akiniambia pole pole. Matuta yalimuumiza."

"Na leo unamfungia bomba la kuwapa ushahidi waongo!"

"Usinipigie kelele mbele ya wateja, Adoch. Miaka sita nilimwomba nimfungie valvu hii. Alikataa kwa ubishi tu."

"Ubishi? Washa. Kanyaga mafuta, halafu achia ghafla."

Sifuna aliingia, akakanyaga, akaachia. Valvu ikatema, wauza chapati wakashangilia tena. Mara injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Shangwe ikafa.

Adoch hakuwa fundi, ila alikuwa amelisikia somo hilo mezani mara mia. Gari hili hupima hewa inapoingia, likaimwagia petroli ya kuitosha. Ukiitupa hewa nje, petroli inabaki bila mwenzake. Valvu ya zamani iliirudisha ndani. "Hewa iliyokwisha kupimwa haitupwi," Odur alikuwa akisema, huku akichovya kwoni, ugali wa ulezi, kwenye mchuzi.

"Unalijua hilo. Fundi mzima!"

"Najua," Sifuna akasema chini chini. "Nilitaka asikike. Alikufa kimya mno."

Kidogo Adoch amzabe kofi. "Alikufa kimya kwa sababu alikuwa mtu wa kimya! Vifaa vya zamani viko wapi?"

Vilikuwa nyuma, juu ya rundo la vyuma chakavu. Adoch aliliburuta lile bomba la zamani mwenyewe, kutu ikilichafua gauni lake la kazini, akalitupa miguuni pa Sifuna.

"Funga."

Alifunga, saa tatu nzima, bila mzaha hata mmoja. Adoch alisimama wima pembeni, akikataa kiti. Alipopokea ufunguo, alisema:

"Magari saba yaje, lakini hakuna honi, hakuna kuunguruma. Na wewe utasimama kaburini, mbele ya katekista, useme kilichomuua."

"Mimi? Mbele ya watu?"

"Useme figo. Useme ulimpeleka wewe, pole pole. Na useme kwa sauti, Sifuna. Si unapenda kelele?"

Sifuna alifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na grisi. "Nitasema."

Adoch aliondoka bila kumuaga. Kwenye kona aliinua mguu kutoka kwenye mafuta, na valvu ikashusha pumzi ndogo, ile ile ya siku za Odur. Ng'ambo, muuza chapati aligeuza chapati yake. Hakuna aliyeinua kichwa.