Vizazi Vitatu

Wifi yangu watu wa mtaani wanamwita Ratiba, naye anadhani ni sifa. Ni mke wa kaka yangu mkubwa. Siku za kazi ni karani wa shule, na Jumamosi ni mwenyekiti wa Kamati ya Wikiendi ya Familia, kamati aliyoiunda mwenyewe, akajichagua mwenyewe na kujipigia makofi mwenyewe. Kabla ya hapo mtaa wetu ulikuwa na Jumamosi za kawaida. Watoto walicheza mpira nyuma ya maghorofa. Wanawake walianika nguo wakipiga soga. Wenye magari waliyaosha, na wasio na magari walisimama kando wakiwaelekeza namna ya kuosha. Ratiba akaona hiyo ni hasara tupu. Akasema hatuna muda wa pamoja wenye maana. Basi akatuletea maana, imepigwa chapa, ina saa na dakika.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kiko chini ya jengo lao na dirisha linatazama kiwanja, kwa hiyo hakuna kilichonipita. Niliona baba mzima akiruka mbio za magunia na simu iko sikioni. Niliona mama akimfokea mtoto wa miaka minne kwa kuchora paka wa kijani, eti kijani hakitoki vizuri kwenye picha. Kila mtoto alivaa kadi shingoni, na shughuli ikiisha kadi inagongwa mhuri. Ukisikia mtoto analia, usihangaike kutafuta jeraha, amekosa mhuri.

Kaka yangu ni fundi wa lifti. Wiki nzima anashughulika na watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa, na nadhani ndiyo maana ndoa yake haimshangazi. Ni mtu wa kimya. Mtoto wao mmoja, wa miaka minane, tunamwita Nukta kwa udogo wake. Na mama yetu anaishi nao. Alikuwa opereta wa simu miaka ishirini na tisa, enzi zile mtu akitaka kuongea na mji wa pili lazima aunganishwe kwa mkono wa mtu. Magoti yamekwisha, anatumia kiti cha magurudumu, lakini ulimi uko palepale. Siku za shughuli za familia, Ratiba alikuwa anamwacha kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili na redio yake. Kiti kilikuwa kinachelewesha msafara.

Halafu likaja shindano la Familia ya Mwezi. Ijumaa alasiri Ratiba akaingia chumbani kwangu, faili kwapani.

“Wifi, kesho mama anatoka na sisi. Picha ya vizazi vitatu ina alama kumi.”

“Umemuuliza?”

“Nimeshamwandika.”

Nikacheka hadi sindano ikanichoma. Nikamwambia nitakwenda nao nimsaidie mama. Huo ulikuwa uongo. Nilikwenda nipate la kusema.

Asubuhi tukajipanga, familia kumi na mbili, fulana za rangi ya chungwa kuanzia kwa wazee hadi kwa wanaonyonya. Mama alivalishwa yake juu ya gauni.

“Nimekuwa karoti,” alimwambia Nukta.

“Karoti yenye magurudumu,” Nukta akajibu, wakacheka wote wawili, mpaka filimbi ikawanyamazisha.

Kituo cha kwanza kilikuwa maktaba. Tulikaa dakika kumi na mbili. Watoto walipewa vitabu wavishike, wakapigwa picha wamevishika, vikarudishwa rafuni. Nukta alikuwa ameanza kusoma ukurasa wa kwanza. Mama yake akamnyang’anya kwa tabasamu, maana kamera bado ilikuwa juu. Mimi nilitembea nyuma kabisa na mke wa kinyozi wa mtaa wetu, tukichambua. Tulianza na filimbi, tukaja kwenye mwendo wa Ratiba, tukamalizia kwa wazazi wake. Sijui kama nimewahi kufurahia matembezi kiasi kile.

Kituo cha pili kilikuwa cha zimamoto. Ratiba akaamuru kiti cha mama kisogezwe mbele ya gari jekundu, akamvika kofia ya chuma, akamsimamisha Nukta upande mmoja na kaka upande wa pili.

“Tabasamu, mama.”

“Nikitabasamu mtaniacha?”

“Tutakuacha, mama.”

Mama akatabasamu. Picha ikapigwa mara sita. Kisha wakamsogeza kivulini, karibu na bomba la maji, dakika mbili tu, watoto waone ngazi ikipanda. Ngazi ikapanda, ikashuka, mihuri ikagongwa, filimbi ikalia. Ratiba akasoma majina kwenye faili lake akiweka alama ya vema kila mstari, na bila kuinua uso akasema, “Wote wapo.” Tukaondoka.

Kaka alidhani nasukuma mimi. Mimi nilidhani anasukuma kaka. Ratiba hakudhani chochote. Alikuwa na orodha.

Tulifika kiwanja cha shule, mwendo wa dakika ishirini. Zikafuata mbio za yai na kijiko, ikafuata kuvuta kamba, na jua lilipokuwa utosini, kinyozi, ambaye ndiye katibu wa kamati, akapanda jukwaani na kipaza sauti. Alizungusha maneno, akakohoa, akatangaza kwamba Familia ya Mwezi ni familia ya mwenyekiti. Nani angeshangaa? Ratiba peke yake ndiye aliyeshika kifua.

“Vizazi vitatu, karibuni jukwaani!” Kinyozi aliita. Ratiba akapanda, kaka akaburutwa nyuma yake. Kinyozi akawatazama, akatazama nyuma yao. “Mwenyekiti, mimi hapa naona kizazi kimoja.”

Watu wakaangua kicheko. Kaka hakucheka. Aligeuka akanitafuta katikati ya watu.

“Mama yuko na nani?”

Nikamnyooshea kidole yeye mwenyewe.

“Na Nukta?” akauliza, safari hii akimgeukia mkewe.

Na hapo Ratiba alifanya jambo ambalo mtaa mzima umelishuhudia. Hakutazama kiwanja wala lango. Alifungua faili, akapitisha kidole, na kipaza sauti kilikuwa karibu kiasi kwamba tulisikia hadi pumzi yake.

“Mbona hapa wapo?” alisema. “Nukta ana vema. Mama naye ana vema.”

Kaka yangu aliruka kutoka jukwaani. Sijawahi kumwona akikimbia tangu utotoni. Nilimfuata nikihema, Ratiba nyuma yangu amevua viatu, na nyuma yake nusu ya kamati, maana wengine walibaki kuhakikisha zawadi haziguswi.

Milango ya kituo ilikuwa wazi na gari halipo. Karibu na bomba kilisimama kiti cha magurudumu, kitupu. Kaka alikishika kwa mikono miwili akakitazama.

Ndipo tukasikia sauti ya mama kutoka ofisini, tulivu, kama ya mtu anayesoma habari.

“Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa kaa hapo nje, usirudi ndani hata kama umesahau nini.”

Tuliingia. Mama alikuwa kwenye kiti cha ofisi, mkono wa simu sikioni. Nukta alikuwa juu ya meza na kalamu, akiandika nyuma ya kadi yake ya mihuri. Mzimamoto mmoja mnene aliyebaki zamu alikuwa kwenye redio akiwasomea wenzake alichoandika Nukta: jina la mtaa, nyumba ya pili kutoka duka la vioo, mlango wa bluu.

Mzimamoto alitueleza baadaye. Gari lilitoka kwa moto wa jalala, akabaki peke yake, akawaingiza ofisini hao wawili wapate feni, mama akimbeba kwa kuwa kiti hakikupita mlangoni. Mara simu mbili zikalia kwa pamoja. Ya kwanza alipokea yeye, mtu alikuwa anauliza namba ya idara ya maji. Ya pili akapokea mama. Alikuwa mwanamke kijana, jikoni kwake kunawaka, anapiga mayowe haeleweki. “Bibi akamwambia, nitajie mtaa kwanza, utalia baadaye,” mzimamoto alisema, akatikisa kichwa. “Mimi nina miaka kumi na moja hapa. Sijui kusema hivyo.” Mapazia na kabati viliungua. Mwanamke na watoto wake wawili walitoka salama.

Ratiba alikuwa analia, machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. Akamkumbatia Nukta, akamwangukia mama miguuni. Kisha akajifuta uso, akarudi hatua mbili nyuma, akainua simu yake.

“Kaeni hivyo hivyo. Mama, shika tena ile simu kidogo.”

“Mkwe wangu,” mama akasema, “weka hiyo chini. Humu ndani simu ni za kazi.”

Nilitabasamu. Mama akaniona.

“Na wewe?”

“Mama, nilidhani kaka…”

“Hukudhani. Ulikuwa unasema watu. Nilikusikia tangu maktaba.”

Kaka akamwuliza Nukta kwa nini hakumwambia mtu. Mtoto akashangaa.

“Nilisema. Nilimwambia mama bibi amebaki, akasema nisivunje foleni. Nikamvuta shangazi gauni.”

“Akasemaje?”

“Akasema subiri, anamalizia. Nikarudi kwa bibi.”

Nilikumbuka pale pale. Tulipokuwa tunaondoka kituoni nilikuwa nimerudi tena kwa wazazi wa Ratiba, mahali patamu kuliko pote, na mkono mdogo ulinivuta mara mbili. Niliutoa kama mtu anavyoondoa uzi kwenye nguo. Walionizunguka wote walikuwa wamevaa rangi ya chungwa, nami nikajitazama nikaona nimevaa vilevile.

Kamati haikufa. Wiki iliyofuata Ratiba alikuja na fomu mpya, ina safu ya kuhesabu vichwa. Lakini kaka hakwenda. Alimwambia mkewe, kwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia, kwamba Jumamosi asubuhi mama ana mahali pa kwenda, na Nukta anakwenda naye. Mzimamoto aliwaalika. Si kazi rasmi. Mama hukaa ofisini, anawafundisha vijana wa zamu kuongea na mtu aliyechanganyikiwa, na Nukta huigiza aliyechanganyikiwa, kazi anayoiweza hasa.

Niliomba kusukuma kiti. Mama alinikatalia wiki tatu. Ya nne akakubali, kwa sharti nisitamke neno mpaka tufike. Tulipopita kiwanjani, Ratiba alikuwa juu ya kreti, filimbi mdomoni, akiwapanga akina baba kwa urefu. Mdomo uliniwasha mpaka masikio. Mama akainua kidole kimoja bila kugeuka. Nikameza mate, nikasukuma.