Ukosi wa Onui

Yasokichi alikuwa akipangusa wino kwenye bamba la shaba kwa kiganja, taratibu, ubaki ndani ya mikwaruzo ya mchoro tu na kwingine kung'ae. Alilaza karatasi yenye unyevu juu ya bamba, akaifunika kwa kitambaa kinene, akazungusha gurudumu la mashine aliyoiunda mwenyewe kwa kufuata kitabu cha Kiholanzi. Maneno ya kitabu hakuyajua. Michoro ilimtosha.

Shemeji yake, Otaki, alikuwa kizingitini akimenya figili za kupikia wageni. Keshokutwa ingekuwa siku ya arobaini na tisa tangu mkewe Onui afariki, siku ambayo roho yake ingeiaga nyumba, na jamaa wote wangekuja. Onui hakuwahi kuchorwa akiwa hai.

Yasokichi aliibandua karatasi kwa ncha zake mbili.

"Ndiye," Otaki alisema, akasogea. "Dada yangu kabisa. Ila shemeji, mbona upande mmoja wa pua una masizi?"

"Ni kivuli. Mwanga unatoka dirishani."

"Mama atadhani mwanawe alikufa hajanawa uso."

Yasokichi hakucheka, wala hakuudhika. Tangu mazishi alikuwa hivyo. Watu walimpa pole, naye akawapa chai.

Kisu cha figili kikasimama.

"Shemeji. Umemvika kimaiti."

Yasokichi alitazama. Walio hai hufunga kimono upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Wafu tu ndio hugeuziwa. Na kwenye shaba kila kitu huchorwa kinyume, maana karatasi hukigeuza. Kidoti cha shavuni alikumbuka kukigeuza, hata njia ya nywele. Ukosi aliuchora bila kuufikiria, kama alivyouona kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

Alisubiri kifua kimuume. Hakikumuuma.

"Si amekufa kweli?" akasema.

"Amekufa. Lakini mimi na wewe tulishamvika hivyo mara moja, yatosha. Mama akiiona hii mbele ya ubani, tutazika mtu wa pili. Chora nyingine."

"Siwezi."

"Siku mbili hazitoshi?"

"Sura imeanza kunipotea, Otaki. Jana nilijaribu kwa brashi, akatoka mwanamke mwingine. Imebaki hapa tu." Akaigusa shaba.

Otaki alirudi kwenye figili zake. Alimenya moja, akaiweka ndani ya maji.

"Basi futa ukosi peke yake. Usifike kidevuni."

Yasokichi alivaa miwani, akachukua kisu cha pembe tatu. Alikwangua mstari mmoja mmoja, kuanzia begani kwenda juu, kisha akapalainisha kwa chuma butu na tone la mafuta. Karibu na shingo mikwaruzo ya nguo na ya ngozi ilipishana. Kisu kikiteleza hapo, kidevu kingekwenda nacho. Alizuia pumzi, akakwangua, akapumua.

Mwanga ulipohama mezani, ukosi wa zamani ulikuwa umetoka wote isipokuwa upana wa punje ya mchele chini ya kidevu. Akaweka kisu chini.

"Umemaliza?" Otaki aliuliza.

"Bado. Hapo padogo, halafu nimvike upya. Kesho asubuhi."

"Masizi yaache, lakini. Nimeshayazoea."

Yasokichi alikusanya vumbi la shaba kwenye karatasi, akalifunika bamba kwa kitambaa, akaenda kunawa mikono.