Maswali na Picha ya Ukutani

Katika chama cha watu wa nyumbani waishio ugenini mambo yalikuwa mengi: kwaya, somo la lugha kwa watoto waliozaliwa huku, na chai ya kila Jumapili mchana katika ukumbi ule wa juu ya duka la mazulia. Katiba ya chama ilikuwa na kurasa kumi, na hakuna aliyewahi kuimaliza. Sheria isiyoandikwa ilikuwa moja tu, nayo kila mtu aliishika: usimuulize mwenzako habari za karatasi zake za uhamiaji.

Ndiyo maana yule kijana mgeni, mrefu, vifungo vya shati vimefungwa hadi shingoni, alimkera Msusi, msuka nywele wa wanachama, tangu siku ya kwanza. Hakuja kuimba wala kunywa chai. Alikuja kuuliza. Fulani alifika lini? Anakaa mtaa gani? Watu wakambandika jina la Maswali, wakacheka. Msusi hakucheka. Machale yalishamcheza.

"Mgeni gani huyu anahoji watu kama polisi?" alimnong'oneza katibu.

"Umbea tu huo," katibu akasema. "Hata wewe hujambo."

Jumapili ya tatu Msusi akamfuma penye picha za sherehe za chama, simu mkononi, anapiga picha ya picha. Akajifanya anakusanya vikombe, akachungulia. Kidole cha kijana kilikuwa juu ya uso wa Shangazi.

Shangazi alikuwa shangazi wa kila mtu. Miaka ishirini alipiga pasi kwenye hoteli bila kibali chochote cha kuishi nchini. Ndiye aliyempokea Msusi alipofika na begi moja, akamgawia nusu ya kitanda chake. Msusi alimpenda mno, na alimwogopea kila siku iendayo kwa Mungu.

Akaacha vikombe, akashuka ngazi mbiombio. Alimkuta Shangazi chumbani mwao anakunja shuka.

"Shangazi, ondoka leo hii! Kuna mtu anakutafuta, kaipiga picha yako pale ukutani."

Shangazi hakuuliza mara mbili. Alijaza begi, akachomoa laini ya simu, akamwekea Msusi kiganjani. "Kaitupe mbali, mwanangu."

"Unakwenda wapi?"

"Usijue. Wakikuuliza, usiwe na la kusema."

Basi la alasiri likamchukua.

Jumapili iliyofuata Msusi alimngoja Maswali mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe umetumwa na nani?"

Kijana akatoa mfukoni picha ndogo iliyopauka: mwanamke kijana, mtoto mapajani, kovu la pasi kwenye mkono wa kushoto. Kovu lile Msusi alilijua vizuri. Kila msimu wa baridi yeye ndiye aliyelipaka mafuta.

"Ni mama yangu," kijana akasema. "Aliniacha kwa bibi nikiwa na miaka minne. Nilihofu hataki kuniona. Nikimtaja, mtamwambia, atanikimbia. Ndiyo nikawa nauliza kwa kuzungukazunguka." Akamsogezea Msusi ile picha. "Dada, unamjua?"

"Si Shangazi huyo! Msusi anakaa naye!" katibu, aliyekuwa akiichungulia picha, akadakia kwa furaha. "Mpigie simu, jamani! Mpigie sasa hivi!"

Aibu ilimpanda Msusi hadi masikioni. Alifungua pochi. Wiki nzima alikuwa akijiambia ataitupa ile laini, akipitiwa. Akaitoa, akaiweka kwenye kiganja cha kijana.

"Namba yake ndiyo hii," akasema. "Mimi ndiye niliyemkimbiza."